Kuacha lutuku bila kutoka Bukama: namna matunzo ya kikundi yanavyofanya kazi

Bukama, pale reli inapovuka Lualaba, mtu hakosi mahali pa kunywa. Karibu na gare, kwenye bandari ya mitumbwi inayoshuka kwenda Kikondja, sokoni, na ndani ya malupango yenyewe, lutuku inauzwa kwa kilauri tangu asubuhi. Mvuvi anakunywa juu ya baridi ya usiku, mbeba mizigo juu ya mgongo, kijana juu treni haijafika na hana kazi nyingine ya kungojea. Wengi wao wanarudi nyumbani, wanalala, na kesho yake wanaamka kama kawaida. Lakini karibu kila avenue iko na mtu mmoja ambaye mambo yalishamupita. Anaamka mikono inatetemeka. Hawezi kumega bukari mpaka apate kilauri cha kwanza. Franga za samaki zinaishia njiani, watoto wanafukuzwa masomo, na bibi yake alishachoka kuomba msamaha kwa majirani.

Mbele ya mtu huyo, jamaa nyingi zinajua njia tatu tu. Ya kwanza ni maombi: anapelekwa kwa pasta, anafunga siku kadhaa, maana wanasema "walimuloga na pombe." Ya pili ni kumufungia chumbani mpaka "pombe itoke." Ya tatu ni kutafuta franga za kumupeleka Lubumbashi, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, yaani Frères de la Charité. Hii ya tatu ni nzuri kwa mgonjwa mzito. Lakini inaomba safari ndefu, mtu wa kumulinda kule, chakula cha watu wawili, na mwisho wa yote mgonjwa anarudi Bukama ileile, anashuka kwenye gare ileile, na rafiki wa kwanza anayemupokea ameshika chupa.

Kuna njia ya nne. Mgonjwa anaendelea kulala kwake na kufanya kazi yake. Siku moja kwa juma anaketi pamoja na watu wengine wanane au kumi wenye shida ileile, chini ya uongozi wa mtu aliyefundishwa, kwa saa moja na nusu hivi. Hayo ndiyo matunzo ya kikundi bila kulazwa. Si mkutano wa sala, na si korti ya kumuhukumu mlevi. Pia si sawa kabisa na vikundi vya Alcoholics Anonymous vilivyoanza Marekani mwaka 1935, ambamo walevi wenyewe wanasaidiana bila munganga na bila siku ya kumaliza. Matunzo ya kikundi yana mwanzo, yana mwisho, na kila kikao kina somo lake.

Mfano wa Eldoret

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini jaribio linalofaa zaidi kwa watu wa mashariki ya Kongo lilifanyika Eldoret, mji wa magharibi ya Kenya, na vikao vyake viliendeshwa kwa Kiswahili. Wagonjwa walikuwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, waliotunzwa na AMPATH, mpango uliozaliwa na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Waganga waliona jambo linalojulikana hata huku: mgonjwa anapokunywa anasahau dawa, na anaposahau dawa ugonjwa unapata nguvu. Na pombe yenyewe haikuwa ya chupa za kiwanda. Ilikuwa busaa, na chang'aa, ambayo ni ndugu wa damu wa lutuku.

Walichofanya ni hiki. Walichukua matunzo ya mazungumzo yaliyotengenezwa Ulaya na Marekani, wakayabadilisha yafae maisha ya watu wa pale, wakayaweka katika vikao sita, kimoja kwa juma. Wanaume waliketi peke yao na wanawake peke yao. Walioongoza hawakuwa waganga wa akili. Walikuwa wasaidizi wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa kwa karibu.

Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011. Watu 75 waligawanywa kwa kura: wengine waliingia kikundi, wengine waliendelea na matunzo ya kawaida ya kliniki. Baada ya siku 90, kati ya walioingia kikundi, watu 69 kwa mia walisema wameacha kabisa kunywa. Kwa wale wa matunzo ya kawaida, walikuwa 38 kwa mia. Jambo lingine la kushangaza: walioitwa kwenye vikao walihudhuria 93 kwa mia ya vikao vyote. Yeyote aliyewahi kuitisha mkutano wa quartier anajua hesabu hiyo ni ya ajabu.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi, lililopewa jina RAFIKI, la watu 614. Safari hii kundi la pili nalo lilikuwa na vikao sita, lakini vya mafundisho ya afya kwa jumla. Wote walifuatwa kwa miezi 9. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalipunguza kunywa, na kundi la matunzo ya pombe likapunguza zaidi.

Namba hizi zisomwe kwa akili. Hata kwenye jaribio la kwanza, karibu watu watatu kwa kumi waliopitia kikundi hawakuacha. Na hesabu ilitegemea maneno ya wagonjwa wenyewe. Mtu wa pombe anajua kuficha. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa, na gharama ndogo: chumba, viti, mwongozaji, na majuma sita.

Siku za kwanza ni za muuguzi, si za kikundi

Hapa inafaa kusimama kidogo, juu ni hapa watu wanakufa.

Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka unapoikosa ghafla unashtuka. Ndani ya saa 6 mpaka 24 mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, usingizi unakimbia, tumbo linakataa chakula. Kwa wengi inaishia hapo na kupungua baada ya siku chache. Kwa wengine, ndani ya siku mbili za kwanza, kifafa kinakuja hata kama mtu hajawahi kuwa nacho. Na kwa wachache, siku ya pili mpaka ya nne, akili inapotea: anaona wadudu ukutani, anasikia watu wanaomuita, homa inapanda, hajui yuko wapi. Jamaa inasema mashetani yanatoka. Munganga anajua hali hiyo, na anajua kwamba bila matunzo inaweza kuua.

Ndiyo maana ile njia ya kumufungia mtu chumbani ni ya hatari kuliko pombe yenyewe. Na kumwaga chupa zote siku moja, kwa mtu anayetetemeka kila asubuhi, kusifanyike kabla hajaonwa na muuguzi.

Matunzo ya siku hizo yanajulikana na si ya gharama kubwa: diazepam kwa siku chache, ikipunguzwa polepole, na vitamini B1, ambayo walevi wengi hawana kwa sababu wanakunywa bila kula. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilianzisha mwaka 2008 mpango unaoitwa mhGAP kwa ajili ya vituo visivyo na munganga wa akili. Kitabu chake cha mwongozo kilitoka mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2016, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya pombe na madawa ya kulevya. Kinaandikiwa muuguzi na munganga wa kawaida. Vidonge vya diazepam vinashikwa na mtu wa nyumbani, si mgonjwa, na havichanganywi na pombe hata tone, maana viwili hivyo pamoja vinazimisha pumzi.

Wa kulazwa hospitali ni nani? Aliyewahi kupata kifafa au kupotewa na akili alipoacha, mwenye ugonjwa mwingine mzito, mama mwenye mimba, mzee aliyedhoofika, na yule asiye na mtu wa kumuangalia usiku. Wengine wanaweza kupitia siku hizo nyumbani, muuguzi akiwaona kila siku. Mikono ikishatulia, ndipo kikundi kinaanza kazi yake.

Ndani ya kikundi

Kikao cha kwanza mara nyingi kinaanza na hesabu. Kila mmoja anaweka bei yake. Tuseme kilauri ni franga 500, na mtu anakunywa vinne kwa siku. Hiyo ni franga 2.000 kwa siku, 60.000 kwa mwezi, 730.000 kwa mwaka. Mwongozaji haongezi neno. Anauliza tu: kwa franga hizo ungenunua nini? Mmoja anasema nyavu, mwingine mabati, mwingine anakaa kimya muda mrefu.

Kikao kinachofuata kinaingia katika njia za kila siku. Kila mtu anachora, hata kwa kijiti kwenye mchanga, njia anayopita toka kazini mpaka kwake, na kuweka alama pale anapokunywa, saa ngapi, na nani. Mara moja jambo linaonekana: si pombe inayomufuata mtu, ni yeye anayepita mlangoni pake kila siku saa kumi na moja. Mwingine anagundua kwamba hanywi siku ya taabu, anakunywa siku ya malipo. Hapo mipango inakuwa midogo na ya kweli: kupita nyuma ya soko, kumupa bibi franga kabla ya kufika gare, kula kabla ya kutoka.

Lakini kazi ngumu kuliko zote, na inayochekesha pia, ni kujifunza kukataa. Katika maisha ya huku, kumukatalia mtu kinywaji ni kama kumutukana. Kwa hiyo watu wanaigiza. Mmoja anakuwa rafiki mwenye chupa, mwingine anakuwa yeye mwenyewe.

"Yaya, kamata hata kimoja tu."

"Hapana, ndugu. Niko na dawa, munganga alinikataza."

"Dawa gani? Kimoja hakiuake mutu!"

"Hapana. Unisalimie mama."

Na anaondoka. Wengine wanamuangalia na kusahihisha: ulisimama sana, ulitoa sababu nyingi, ulicheka, naye akajua bado unataka. Jibu fupi ndilo linalosimama. Anayeeleza sana anafungua mlango wa kujadiliana, na mlevi mzoefu anashinda majadiliano yote. Wanarudia tena, safari hii kwenye kilio, juu kilio ndicho mtihani mkubwa kuliko yote: usiku mzima, moto, nyimbo, chupa inazunguka, na wajomba hawataki kusikia habari za munganga. Kuna aliyeona jibu lake: atakwenda kilio mchana, atabeba kuni, atarudi kabla ya giza.

Jambo hili haliwezi kufundishwa na munganga mmoja kwa mgonjwa mmoja ofisini. Linahitaji watu wanaojua uongo wa pombe kwa sababu waliusema wenyewe. Mgonjwa akisema "nilikunywa juu bibi alinikasirisha," munganga anaandika. Mlevi mwenzake anacheka, anamuuliza: "Na jana, ni nani alikukasirisha?"

Kisha kuna kiu. Hamu ya pombe inakuja kwa nguvu, mtu anaona kama haitaisha. Kwa kweli inapanda, inafika juu, na inashuka, mara nyingi ndani ya dakika chache, kama mtu hakuilisha. Kikundi kinatafuta kazi ya dakika hizo: kunywa maji mengi au munkoyo mbichi isiyochachuka, kutembea, kuoga, kumupigia simu mwenzake.

Wanawake peke yao

Eldoret walitenganisha wanaume na wanawake, na Bukama sababu ni zilezile, pengine kubwa zaidi. Mwanaume mlevi anachekwa. Mwanamke mlevi anafichwa. Tena mama wengi walianza kunywa kwa kazi: ndiye anayechachusha mahindi na mihogo, ndiye anayewasha moto, ndiye anayeonja. Lutuku hiyohiyo ndiyo inalipa masomo ya sekondari ya watoto. Kumuambia aache kunywa bila kuzungumza juu ya kazi yake ni kumuambia akae jikoni na njaa. Mbele ya wanaume hatasema hayo, na hatasema yaliyompata usiku alipokuwa amelewa. Kati ya wanawake wenzake anaweza kusema, na hapo mipango mingine inazaliwa: kumuachia dada kazi ya kuonja, kuuza unga badala ya lutuku siku mbili za juma, kuanza kidogo. Kwa kupita tu: mama wapishi wanajua kwamba matone ya kwanza ya mtungi si ya kunywa. Yanaweza kubeba methanoli, pombe ya sumu inayopofusha macho.

Kwa vijana wa bangi na wa vidonge vya Tramadol, kikundi kinaweza kufuata masomo yaleyale, lakini afadhali kiwe chao. Kijana wa miaka 19 hasikilizi baba wa miaka 50 kuhusu lutuku. Na anayetumia vidonge kila siku naye apitie kwanza kwa muuguzi. Vingine, kama diazepam yenyewe, vikikatwa ghafla vinaleta kifafa.

Nani aanze?

Kuna maswali manne ambayo waganga wa inchi nyingi wanatumia, yaliyotungwa Marekani na kuchapwa mwaka 1984. Je, umewahi kujiambia upunguze kunywa? Watu wanakukasirisha wanapolaumu kunywa kwako? Unajisikia vibaya juu ya kunywa kwako? Unakunywa asubuhi ili mwili utulie au hangover ipite? Anayejibu ndiyo mara mbili au zaidi anafaa kuongea na muuguzi. Maswali haya yasitumiwe na bibi kumushitaki mume wake. Mtu ajiulize mwenyewe.

Kikundi cha kwanza hakihitaji jengo jipya. Kinahitaji muuguzi aliyesoma mwongozo wa mhGAP, diazepam na vitamini B1 katika dawa za kituo, waongozaji wawili, na kivuli cha mwembe penye faragha kidogo. Bukama iko na watu wa namna hiyo tayari. Reko, wale wanaopita lupango kwa lupango kila kolera inapoamka kandokando ya mto na ya ziwa Kisale, wanajua kuongea na watu bila kuwatia haya. Waongozaji ni wawili kwa sababu ya wazi: mmoja akienda shamba au uvuvi, kikundi kisife juma la tatu. Na wapewe kitu. Kazi ya bure inadumu majuma mawili, baada ya hapo ni tumbo linaloamua.

Siri ndiyo itakayokuwa taabu. Katika mji mdogo kama Bukama, anayeonekana akiingia mahali pa "walevi" anajulikana kabla hajatoka. Kwa hiyo kikundi kiketi ndani ya kituo cha afya siku ambayo watu wengine wanakuja kwa malaria na presha, kisipewe jina la pombe, na kanuni ya kwanza isomwe kila kikao: kilichosemwa hapa kinabaki hapa. Anayeivunja anatoka, hata akiwa mwongozaji.

Anayeanguka tena

Karibu kila kikundi kinapoteza mtu juma la tatu au la nne. Alipata malipo, alikutana na rafiki wa zamani, au alikaa vizuri majuma mawili akafikiri amepona. Kwa aibu harudi. Nyumbani wanasema, "Unaona? Mutu wa pombe haachake."

Vikundi vinavyodumu havimungoji. Siku inayofuata, asubuhi na mapema kabla ya kilauri cha kwanza, wawili wanakwenda kwake. Hawamuhubirii. Wanamuuliza alikunywa siku ngapi mfululizo, na kama mikono inatetemeka. Kama ni siku nyingi, wanapita naye kwa muuguzi kwanza. Kama ni siku moja, anarudi kwenye kikao kijacho na kuchora tena ile njia kwenye mchanga, mpaka kwenye mlango alioingia, na wenzake wanamuuliza ilikuwa saa ngapi, na franga zilikuwa mfuko gani.